KITAMBI SI CHEO

Miongoni mwa kasumba ambazo zimekataa kung'oka katika nchi hii, iko moja ambayo haipigiwi kelele kwa sababu wanaoieneza ni watu wema, na maneno wanayotumia kuieneza ni maneno ya upendo. Nayo ni ile inayomfanya mtu aamini kwamba tumbo kubwa ni dalili ya mafanikio. Mtumishi akipandishwa cheo, na baada ya mwaka mmoja akaonekana ameongezeka kilo kumi, hapati onyo, hupata pongezi. Huambiwa kwamba amependeza, kwamba cheo kimemkubali, kwamba sasa anafanana na nafasi yake. Mwenzake aliyebaki mwembamba huulizwa kwa huruma kama ana matatizo nyumbani.

Pongezi hizo ni sumu, ila ni sumu isiyomuua mtu siku anayoinywa. Huanza kudai malipo yake miaka ishirini au thelathini baadaye, wakati mtumishi huyo anapoukaribia umri wa miaka 60 wa kustaafu kwa lazima, au akiwa ndiyo kwanza amekabidhiwa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Hapo ndipo husikika kwamba mzee fulani ameanguka bafuni, kwamba mwalimu fulani amepooza upande mmoja, kwamba mkuu wa idara aliyestaafu juzi hawezi tena kupanda ngazi tatu bila kutweta. Watu hukusanyika, hutikisa vichwa, na kusema kwamba uzee umefika. Wengine hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ugonjwa wa moyo unaomkamata mstaafu hauanguki kutoka mbinguni. Umeundwa, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka yote ya utumishi wake. Na kwa upande wa watumishi wa umma, sehemu kubwa ya karakana ulimoundwa ni ofisi yenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo halina budi kusemwa waziwazi, kwa sababu wanaougua ni watu ambao taifa limewasomesha kwa gharama kubwa, na wanaugua katika umri ambao walitakiwa wawe walimu wa walimu na washauri wa vijana.

MZIGO WA MOYO

Moyo wa binadamu hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na hauna likizo. Kila kilo inayoongezeka mwilini huhitaji damu, na ni moyo unaotakiwa kuipeleka damu hiyo. Lakini hatari haimo katika uzito peke yake. Imo pia mahali ambapo mafuta yamejiweka. Mafuta ya mapajani hayana madhara makubwa kama yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakalizunguka ini na utumbo. Mafuta hayo ya ndani hayakai kimya kama gunia lililowekwa ghalani. Humwaga katika damu kemikali zinazoufanya mwili usiitikie vema insulini, ile homoni inayoongoza matumizi ya sukari. Huchangia kupandisha shinikizo la damu. Huongeza mafuta mabaya katika damu, nayo hujibandika katika kuta za mishipa, mwaka hadi mwaka, mpaka mishipa hiyo ikawa migumu na myembamba.

Msuli wa moyo, kwa kulazimika kusukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa, hunenepa kama mkono wa mchukuzi wa bandarini. Lakini unene huo si nguvu. Moyo ulionenepa hivyo hushindwa kulegea na kujaa damu sawasawa, na mwisho wake huchoka. Mshipa wa moyo ukiziba, ni mshtuko wa moyo. Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, ni kiharusi. Moyo ukichoka, miguu huvimba, pumzi huwa fupi, na mgonjwa hulala akiwa ameegemea mito mitatu.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayabishi hodi. Mtu mwenye shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi anaweza kuwa anahutubia mkutano, anacheka na wajukuu, wala hasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo anayengoja kuumwa ndipo apime, anangoja nyumba iungue ndipo atafute maji.

Vipimo vya awali havihitaji utaalamu wa pekee. Uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mtu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu likifika 25 uzito umezidi, na likifika 30 huo ni unene wa kupindukia. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 huufikia mpaka wa kwanza akiwa na kilo 72, na wa pili akiwa na kilo 87. Kwa mzee, hata hivyo, misuli hupungua na mafuta huchukua nafasi yake pasipo mizani kuonyesha tofauti. Kwa hiyo utepe wa fundi cherehani mara nyingi humwambia kweli zaidi kuliko mizani. Kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke, ni dalili kwamba hatari imeanza kuongezeka. Kinachozidi 102 kwa mwanamume, au 88 kwa mwanamke, ni dalili ya hatari kubwa.

HOJA ZA WATETEZI

Wako watu wanaosema kwamba magonjwa ya moyo ni magonjwa ya Wazungu na matajiri, na kwamba nchi yenye malaria haina nafasi ya kuhangaikia matumbo ya wakubwa. Hoja hiyo ilikwisha pitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya magonjwa hayo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban robo ya watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na shinikizo la juu la damu. Wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 22 mwaka 2010; uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wamefika asilimia 28.

Wala si mambo ya Dar es Salaam peke yake. Katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu wazee saba katika kila kumi wa umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua, na waliokuwa wakitibiwa mpaka shinikizo likashuka walikuwa wachache mno. Unene si chanzo pekee cha shinikizo hilo. Chumvi imo, umri umo, na urithi wa ukoo umo. Lakini mzee ambaye tayari ana shinikizo, kisha akaongezewa mzigo wa kitambi na kisukari, ni sawa na punda mgonjwa aliyeongezewa magunia.

Wako wengine wanaosema kwamba huo ni uzee tu, na uzee hauna dawa. Hawa hawana budi kuangalia yaliyotokea huko Finland. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa jimbo la Karelia ya Kaskazini walikuwa wakifa kwa magonjwa ya moyo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Walikuwa wakulima na wakata miti, si mabwanyenye. Mkate wao ulipakwa siagi nyingi, chakula chao kilijaa chumvi, na wanaume wengi walivuta sigara. Wananchi wenyewe waliitaka serikali yao ichukue hatua, na mwaka 1972 ukaanza mpango wa jimbo zima, chini ya uongozi wa daktari kijana aliyeitwa Pekka Puska. Walishirikishwa walimu, vyama vya akina mama, wenye maduka na viwanda vya vyakula. Katika muda wa miaka arobaini hivi, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wafini hawakuacha kuzeeka. Waliacha kufa kabla ya kuzeeka.

Na wako wa tatu, ambao hujiona ndio werevu kuliko wote. Hawa husema kwamba tumbo la mtu ni mali yake, na halimhusu mwingine. Lingekuwa lake kweli kama angelipa gharama zake peke yake. Lakini mstaafu anapopooza, binti yake huacha kazi ili amgeuze kitandani. Pensheni yake huishia katika dawa na nauli za kliniki. Wajukuu wake hukosa ada. Na mfuko wa bima, ambao ni michango ya wengi, hubeba uliobaki. Zaidi ya hayo, kitambi cha mtumishi wa umma mara nyingi hakikujengwa kwa fedha zake. Kilijengwa kwa vitafunwa vya semina.

KARAKANA YA MARADHI

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aliyeitwa Jerry Morris alichapisha uchunguzi ambao kila mkuu wa idara angefaa kuujua. Yeye na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa usafiri wa jiji la London, takriban watu 31,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64. Wakawalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa, wanaokaa kitini siku nzima, na makondakta wa mabasi yale yale, wanaopanda na kushuka ngazi kukata tikiti. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Na waliopatwa, walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na ugonjwa wao haukuwa mkali kama wa wenzao.

Baadaye Morris alichunguza hata sare zao, akaona kwamba viuno vya madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makondakta. Lakini alipowalinganisha watu wenye viuno vinavyokaribiana, bado madereva ndio waliokufa ghafla kwa wingi zaidi. Maana yake ni kwamba kukaa kitako ni hatari kwa nafsi yake, hata kabla kitambi hakijaota. Na kwamba mnene anayetembea ana nafuu kuliko mnene anayekaa.

Sasa na iangaliwe siku ya kazi ya mtumishi wa cheo cha kati. Hutoka nyumbani akiwa amekaa ndani ya gari. Hupanda kwa lifti. Hukaa. Faili huletwa mezani na tarishi, ambaye ndiye mtu pekee katika ofisi hiyo anayetembea. Saa nne huletwa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na maandazi mawili na sambusa mbili. Mchana ni wali au chipsi, nyama ya kukaanga, na soda. Saa kumi huletwa chai nyingine. Jioni hurudi kwa gari, hukaa kwenye baa au mbele ya televisheni, na chakula kikubwa kuliko vyote huliwa saa tatu usiku, muda mfupi kabla ya kulala.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ambayo mwili hupata kwa siku, yaani kiasi cha gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na kwamba ni bora zaidi ikipungua hadi nusu ya hapo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 hadi 40. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vina gramu 25 hivi. Kwa hiyo mtumishi huyo amekwisha kuuvuka mpaka wa siku nzima kabla hajagusa andazi. Na andazi lenyewe limelelewa ndani ya mafuta, ambayo kila gramu yake hubeba nguvu mara mbili na zaidi ya gramu ya unga.

Semina ndiyo kilele cha maradhi hayo. Watumishi arobaini hukusanywa kwa siku tatu ili wajadili maendeleo, na katika siku hizo tatu hakuna anayetembea hatua 500 kwa wakati mmoja. Ratiba huandikwa kwa uangalifu mkubwa kuhusu saa za chai, saa za chakula cha mchana na saa za chai nyingine. Mwenyekiti hupakuliwa sahani ambayo ingewatosha watu wawili, na asipoimaliza huonekana amewadharau wenyeji. Fedha za umma hutumika kununua maradhi, kisha fedha nyingine za umma hutafutwa ili kuyatibu maradhi hayo hayo. Ni mhasibu gani angeidhinisha matumizi ya namna hiyo kama yangeandikwa wazi katika vitabu vyake?

WALIMU NA AKINA MAMA

Mwalimu hawezi kujiweka kando ya jambo hili. Kwa miaka mingi mwalimu alikuwa miongoni mwa watumishi waliokuwa wakitembea sana: alikwenda shule kwa miguu, alisimama darasani, alilima shamba la shule pamoja na wanafunzi, na jioni alipuliza filimbi uwanjani. Leo bodaboda humchukua mwalimu mlangoni pake na kumshusha kwenye lango la shule iliyo umbali wa kilomita moja. Kipindi cha michezo kimegeuzwa kuwa kipindi cha kujazia masomo ya mtihani. Anapokuwa mwalimu mkuu, hata kusimama darasani huacha. Mtoto anayemwona mwalimu wake akitweta kwa kupanda ngazi hujifunza somo ambalo halimo katika muhtasari.

Kuhusu akina mama, lazima isemwe kweli bila kejeli. Takwimu zinaonyesha kwamba unene umewapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na wapo wanaume wenye vitambi ambao hulifanya jambo hilo kuwa kichekesho. Wangeona aibu kama wangefikiri. Mtumishi mwanamke hutoka ofisini na kuingia katika kazi ya pili jikoni. Hana saa ya kwenda kutembea, na giza likiingia barabara si salama kwake. Jamii humsifu anaponenepa baada ya kuolewa, kana kwamba uzito wake ni cheti cha uwezo wa mumewe. Anayetaka mwanamke apungue uzito na aanze kwa kubeba nusu ya kazi za nyumbani.

Jambo jingine linahitaji tahadhari. Kupiga vita kitambi si kuwakondesha wazee kwa njaa. Mtu aliyekwisha kufika miaka 65 au 70, akijinyima chakula ovyo, hupoteza misuli kabla ya mafuta, na mzee asiye na misuli huanguka, huvunjika nyonga, na mara nyingi hasimami tena. Tena mzee anayekonda bila kukusudia apelekwe kwa daktari haraka, kwa maana huenda ni ugonjwa mwingine unaomla. Kinachotakiwa ni mzee mwenye nguvu: anayekula maharage, dagaa, samaki na mboga za majani, anayepunguza sukari, mafuta na chumvi, na anayetembea na kutumia viungo vyake kila siku. Wauzaji wa chai na unga wa kukondesha, ambao hutembea maofisini wakiahidi kuyeyusha tumbo kwa siku kumi, wafungiwe milango. Kitambi kilichojengwa kwa miaka ishirini hakivunjwi kwa siku kumi.

WAJIBU WA DOLA

Ingekuwa unafiki kumwachia mtu mmoja mmoja kazi yote hii. Mtu hula kile kilichoko sokoni, na soko huongozwa na sera. Kisiwa cha Mauritius, ambacho ni nchi ya Afrika, kilionyesha njia. Mwaka 1987 serikali ya nchi hiyo ilibadili mchanganyiko wa mafuta ya kupikia yaliyotumiwa na wananchi wengi. Mafuta ya mawese yakapunguzwa na nafasi yake ikachukuliwa na mafuta ya soya. Wananchi walipopimwa tena mwaka 1992, mafuta mabaya katika damu yao yalikuwa yamepungua kwa kiasi kikubwa. Hakuna aliyelazimishwa kula kama mgonjwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo unene uliendelea kuongezeka kisiwani humo, na hilo ni fundisho pia: kubadili chupa ya mafuta kunasaidia, lakini hakuchukui nafasi ya kupunguza chakula na kuongeza mwendo. Tanzania yenye alizeti ya Singida na Dodoma haina sababu ya kuyategemea mawese ya kuagiza kutoka nje. Na mkulima wa alizeti akipata soko, moyo wa mlaji nao hupata nafuu.

Afrika Kusini nayo ilipitisha mwaka 2013 kanuni za kuweka kikomo cha chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani, na mwaka 2018 ikaanza kutoza kodi vinywaji vyenye sukari. Wenye viwanda walilalamika, kama ilivyo desturi yao kila wanapoguswa.

Wala nchi hii si ngeni katika mapambano ya aina hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Hawakuishia kujadiliana. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walifukia madimbwi. Adui wa siku hizo alikuwa malaria, kichocho na kuhara, na wananchi walimwendea kwa majembe. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Kiongozi wa taifa hakuona kwamba miguu yake ni chombo cha watu wadogo.

Katika miaka ya karibuni hatua zimechukuliwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015, imewawezesha wagonjwa wengi kupasuliwa moyo nchini badala ya kusafirishwa ng'ambo. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Novemba 2019 ulizinduliwa mpango wa taifa wa kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Hatua hizo ni za kupongezwa, lakini hazitoshi ikiwa ofisi zitaendelea kama zilivyo. Jumamosi moja haiwezi kufuta siku ishirini za kukaa kitako, hasa pale ambapo baadhi ya washiriki huja kwa gari, hukimbia mwendo wa kupigwa picha, kisha huelekea moja kwa moja kwenye supu na chapati nne. Na madaktari wa moyo, hata wawe hodari namna gani, hawawezi kushindana na karakana inayoleta wagonjwa wapya kila siku ya kazi.

YANAYOTAKIWA

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Yanayotakiwa kufanywa hayahitaji fedha za wafadhili wala wataalamu kutoka nje.

Kwanza, kila ofisi na kila shule iwe na mashine ya kupimia shinikizo la damu, mizani na utepe, na kila mtumishi apimwe angalau mara mbili kwa mwaka, kuanzia mkuu wa idara hadi mlinzi. Majibu yawe siri ya mtumishi na mganga wake, ili asiwepo mwenye kuyatumia kumdhalilisha mwenzake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayetangaza maradhi ya mwenzake naye ni mkosaji.

Pili, chakula kinachonunuliwa kwa fedha za umma kibadilike. Matunda, karanga, mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, maji na chai ambayo kila mtu hujitilia sukari mwenyewe vinatosha kabisa kuendeshea mkutano. Soda na vitu vya kukaanga viondolewe katika bajeti za semina. Chumvi, ambayo haitakiwi kuzidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, isiwekwe mezani.

Tatu, mwendo uwe sehemu ya kazi. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, ambazo ni dakika 30 kwa siku tano. Mwenye afya apande ngazi, na lifti iachiwe walemavu, wagonjwa na wenye mizigo. Kipindi cha michezo mashuleni kirudishwe, na walimu washiriki badala ya kukaa kivulini. Aliyekwisha kufika umri mkubwa au mwenye ugonjwa aanze polepole, baada ya kuonana na mganga.

Nne, mtumishi akifika miaka 50 apimwe mwili mzima: shinikizo, sukari, mafuta ya damu na figo. Miaka kumi iliyobaki kabla ya kustaafu inatosha kuokoa mengi. Taifa lina utaratibu wa kukagua magari ya Serikali. Haielekei kwamba mwendesha gari anastahili uangalizi mdogo kuliko gari.

Tano, zahanati zisikose vidonge vya kushusha shinikizo. Vidonge hivyo ni vya bei nafuu ukilinganisha na gharama ya kumlaza mgonjwa wa kiharusi hata kwa wiki moja. Lakini ni vya kumezwa kila siku, na mzee anayeambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu dawa zimekwisha amepewa nusu ya hukumu yake. Naye mgonjwa asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anameza dawa.

Juu ya yote hayo, ndimi zibadilike. Pongezi zile za kitambi zikome ofisini, harusini na misibani. Wala zisigeuzwe kuwa matusi, kwa maana kumtukana mnene hakujawahi kumponya. Ukarimu wa Mwafrika haupimwi kwa mafuta yanayoelea katika sahani ya mgeni.

Mtumishi aliyefanya kazi miaka thelathini na mitano ana haki ya kuula uzee wake kwa amani: ahudumie shamba lake, awaeleze vijana makosa ya kizazi chake, awabebe wajukuu bila kutweta. Haki hiyo haiporwi na uzee. Huporwa na kiti, sahani na sifa za uongo, katika miaka ambayo mtu bado ana nguvu za kuvikataa vyote vitatu. Kitambi si cheo, na hakuna ofisi inayostahili kukitoa kama zawadi ya utumishi bora.